Kitambaa cha Mwingine: Tafakari juu ya Historia ya Ushonaji



Habari mbaya inapofika kijijini na kila nyumba inafunga mizigo, fundi wa nguo abebe nini? Watoto wamekwisha kushikwa mkono. Kichwani na mgongoni kuna nafasi ya mzigo mmoja tu. Je, abebe mashine yake ya kushonea, ambayo ndiyo shamba lake, au furushi la vitambaa ambavyo wateja walimwachia? Kwa sisi tunaokaa kandokando ya barabara ya Butembo hadi Beni, Kalunguta na vijiji vyake, swali hili si la mchezo. Tangu mauaji ya raia yalipoanza kuenea katika eneo la Beni mwaka 2014, jamaa nyingi zimekimbia, zikarudi, zikakimbia tena.

Swali hilo limetufanya tutazame nyuma, tuone kazi hii imetoka wapi na imetufundisha nini. Tumegundua kwamba tangu zamani nguo imepita katika mikono mingi yenye nguvu: ya wafanyabiashara, ya wakoloni, ya watawala. Lakini fundi ana jambo lake ambalo hao wote hawakulitoa wala hawakuweza kuliondoa. Yeye anaishi kwa kushika mali isiyo yake, na kuirudisha ikiwa bora kuliko alivyoipokea.

Kabla ya pamba, watu wengi wa nchi za Maziwa Makuu walivaa ngozi na magome ya miti. Kwa jirani zetu wa Buganda kazi ya magome ingali hai: gome la mutuba huambuliwa, hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike kama kitambaa, na mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili upone na kuvaa gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu wote. Basi tusidhani kwamba wazee wetu walingoja wageni ndipo wajue kuustahi mwili.

Kitambaa cha pamba kilikuja kwa njia ya biashara. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifanya mkataba na Marekani, na kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kikajaa katika soko la Zanzibar. Watu wakakiita merikani. Misafara ilikibeba mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kikiwa vazi na pia fedha. Kwa merikani iliyopimwa kwa mikono watu walinunua chakula, walinunua pembe za ndovu, na walinunua hata wanadamu wenzao. Ni neno chungu, lakini ni la kweli: kitambaa kilichofunika mwili wa mmoja kiliweza kuwa bei ya mwili wa mwingine.

Wakati huohuo Ulaya na Marekani walikuwa wakitafuta namna ya kushona upesi. Barthélemy Thimonnier, fundi wa nguo wa Ufaransa, alipata hati ya mashine yake mwaka 1830, akaanza kushona sare za askari huko Paris. Mwaka uliofuata mafundi wenzake, wakiogopa kukosa kazi, waliivamia karakana yake na kuzivunja mashine. Alikufa maskini mwaka 1857. Isaac Singer wa Marekani alipata hati yake mwaka 1851, na kampuni yake ikazoea kuuza mashine kwa malipo ya kidogo kidogo. Hivyo chombo kilichowatisha mafundi wa Paris kikawa, katika barabara nyingi za Afrika, mtaji wa mtu asiye na mtaji. Mashine ya kukanyaga kwa miguu haihitaji umeme. Inahitaji kibaraza, mwanga wa mchana na mtu mwenye subira.

Katika Kongo ya Wabelgiji habari ya nguo ilikuwa na pande mbili. Tangu mwaka 1917 serikali iliwalazimisha wakulima wa sehemu nyingi kulima pamba na kuiuza kwa makampuni kwa bei ambayo wao wenyewe hawakuipanga. Mtu alitoa jasho kwa ajili ya pamba, kisha akatoa fedha kununua kitambaa. Upande wa pili ni shule. Mapadri Waasumpsionisti walifika katika nchi ya Beni mwaka 1929, na katika misioni za Kongo nzima masista waliwafundisha wasichana kukata na kushona. Baadaye serikali ya Wabelgiji ilifungua katika miji nyumba za mafunzo kwa wanawake, kama ile ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Humo walijifunza kupika, kufua, kupiga pasi na kushona.

Tuwe wakweli juu ya mafunzo hayo. Shabaha yake ilikuwa kumfanya mwanamke awe mke mwema wa nyumba yake, wala si kumpa kazi ya kujitegemea. Lakini ujuzi ukishaingia mkononi hauulizi ruhusa ya kutoka nyumbani. Leo mama anayeshona sare za shule na vikwembe vya harusi ili alipe karo ya watoto wake anatumia sindano ileile kwa shabaha aliyoichagua mwenyewe.

Baada ya uhuru, utawala nao uliingia katika kabati la raia. Mapema katika miaka ya 1970, wakati wa siasa ya «authenticité», Rais Mobutu aliwakataza wanaume kuvaa suti na tai. Mahali pake aliweka abacost, koti lisilovaliwa na tai, ambalo jina lake limetoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuiangusha suti. Katika siku hizohizo, mwaka 1972, majina ya Kikristo nayo yalipigwa marufuku, na Kardinali Malula aliyeipinga siasa hiyo alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mafundi walijifunza kukata kola mpya. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai zikarudi shingoni. Amri ilikuja, amri ikapita. Mkasi wa fundi ukabaki mezani.

Leo mpinzani wa fundi ni bei. Wafanyabiashara wa Butembo husafiri mpaka Dubai na Guangzhou, nguo zilizokwisha kushonwa hujaa sokoni, na mitumba huuzwa kwa bei ambayo fundi hawezi kuifikia. Hatuwalaumu wanunuzi, mwenye watoto sita hununua anachokiweza. Lakini nguo ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Fundi humpima huyu aliyesimama mbele yake, mwenye bega moja lililoshuka kwa kubeba mizigo, au mwenye mimba ya miezi mitano, na kumshonea yeye.

Ndiyo maana siku za Ebola zilikuwa ngumu kwa namna ya pekee. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukafika na kwetu Kalunguta, na ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Tulifundishwa kutogusana, na ilikuwa haki tufundishwe hivyo. Lakini kumpima mtu ni kumgusa: bega, kiuno, urefu wa mkono. Tuliona hapo kwamba kazi ya fundi husimama juu ya kuaminiana kwa watu wawili kabla ya kusimama juu ya uzi.

Kanisa linamjua mtu wa kazi hii. Homobono wa Cremona, katika Italia, alikuwa mlei, mume, mfanyabiashara wa vitambaa na fundi wa nguo. Alijulikana kwa haki katika biashara na kwa ukarimu kwa maskini. Alifariki tarehe 13 Novemba 1197 akiwa katika Misa, na mapema mwaka 1199 Papa Inosenti III alimtangaza mtakatifu. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabita wa Yopa. Alipokufa, wajane hawakumsimulia Petro maneno aliyoyasema marehemu. Walimwonyesha kanzu alizowashonea. Ushuhuda wake ulikuwa mwilini mwao.

Sasa turudi kwa fundi wetu na mzigo wake mmoja. Hatuthubutu kumhukumu anayebeba mashine, kwa maana bila hiyo watoto watalala njaa. Lakini tunajua kwamba furushi lile lina kikwembe cha bibi arusi, sare ya mtoto na kitambaa cha mjane aliyekusanya fedha mwaka mzima. Na tunajua pia kwamba mafundi wengine hukipoteza kitambaa cha mtu bila vita yoyote: hukata kipande na kukificha, hupokea malipo ya kwanza na kusema «rudi kesho» mpaka sikukuu ipite. Amani tunayoiombea nchi yetu inahitaji watu ambao mwingine anaweza kuwaachia kitu chake, alale usingizi. Watu wa namna hiyo hawatengenezwi kwa amri. Hujizoeza siku kwa siku, katika mambo madogo kama mita tatu za kikwembe.

Katika mkutano wenu wa vijana, jiulizeni:

1. Ni kitu gani cha mwingine kilichomo mikononi mwangu leo: kitambaa, fedha, siri, au jina lake jema?
2. Ni nani katika parokia yetu anayejua kazi ya mikono, na ni nani kati yetu yuko tayari kukaa kando yake ajifunze?
3. Siku tutakapoondoka duniani, watu watakuwa na nini cha kuonyesha?