Nyasi za Bahari, Jicho la Setilaiti na Neno "Mwani"

Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi historia ya nyasi za bahari katika pwani ya Afrika Mashariki ilivyoanza kuandikwa kutoka angani, na kwa nini inatuhusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, hata sisi tunaosomesha mbali na maji chumvi.

Nyasi za bahari zina mizizi, maua na mbegu kama mimea ya nchi kavu. Huota kwenye maji ya kina kifupi, huwalisha nguva na kasa, na ndimo tasi na samaki wengine wanamokulia. Wavuvi wanaotega madema katika ghuba ya Chwaka, Unguja, wamezijua tangu zamani. Hata hivyo, ujuzi huo ulirithishwa kwa mdomo, si kwa ramani.

Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat mwaka 1972. Kamera zake hazikunasa mwanga wa buluu, ambao ndio unaopenya vizuri maji maangavu. Kifaa kilichonasa mwanga huo kilikuja na Landsat 4 mwaka 1982, kikafuatwa na cha Landsat 5 mwaka 1984. Kila nukta ya picha iliwakilisha eneo la mita 30 kwa 30. Ndiyo sababu kumbukumbu za nyasi hizi mara nyingi huanzia miaka ya 1980. Mwaka 2008 picha zote za Landsat, zilizokuwa zikiuzwa, zilianza kutolewa bure.

Matokeo yake yanatia wasiwasi. Mwaka 2018 watafiti Harcourt, Briers na Huxham walichapisha uchunguzi wa pwani ya Kenya kuanzia 1986 hadi 2016. Waliona kwamba eneo la nyasi lilikuwa limebaki takriban kilomita za mraba 317, na kwamba kasi ya upotevu ilipanda kutoka asilimia 0.29 kwa mwaka, mwaka 2000, hadi asilimia 1.59 mwaka 2016. Nyasi zikitoweka, kaboni iliyofukiwa chini yake inaweza kurudi hewani, na mvuvi mdogo hukosa kitoweo na kipato.

Aidha, setilaiti ina upungufu wake. Katika uchunguzi wa Chwaka uliochapishwa mwaka 2006, watafiti walizungumzia uoto wa chini ya maji kwa jumla, kwa kuwa kutoka angani si rahisi kutenga nyasi na mwani. Hapa lugha nayo ina tatizo kama hilo. Neno "mwani" hutumika kwa upana, ilhali mwani unaolimwa Zanzibar ni mmea wa aina nyingine kabisa, usio na mizizi halisi wala maua. Mwanafunzi anayetafsiri ripoti na kuandika "mwani" mahali pa "nyasi za bahari" atampotosha msomaji, pengine hata kijiji kinachopanga eneo la hifadhi.

Kwa hiyo, wataalamu hulazimika kuzama ili kuthibitisha picha. Sisi nasi tuwatume wanafunzi wetu wa isimu kwa wavuvi, wakakusanye majina ya nyasi hizi, lahaja kwa lahaja, kabla wenye kuyajua hawajatutoka. Tasnifu moja tu ya aina hiyo ingewafaa watunga istilahi, na ingewafaa pia wasoma picha.