Kifaru cha Plastiki na Vumbi la Kongwa
Apitaye Dumila akishika njia ya Dodoma hupita karibu na Kongwa, ambako mwaka 1947 Waingereza waliianza ile kazi kubwa ya kulima karanga. Vifaru vya Sherman viliondolewa mizinga, vikageuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Airfix ikauza Sherman ndogo ya plastiki, ya kuungwa kwa gundi na kupakwa rangi. Wapenzi wa mchezo huo kwa kawaida huipaka matope ya Ulaya. Atakaye kuigeuza Shervick, na aijue ardhi kwanza: udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu hata ukala majembe ya mashine. Basi vumbi jekundu litande chini, minyororo ing'ae kwa kusuguliwa. Kutu ije mwisho, maana kazi iliachwa mwaka 1951, paundi zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea.