Bomba la Moshi

Gari langu ni Datsun 1600 SSS, na limekaa bandani miaka mingi kuliko miaka liliyotembea. Mwezi uliopita binti yangu alikuja na fundi, wakaliinua kwa jeki. Fundi alipoligusa bomba la moshi kwa bisibisi, bisibisi ilizama kama inavyozama katika muhogo uliochemshwa. Kutu ilikuwa imelila bomba lote, toka kwenye injini mpaka kwenye sailensa. "Mzee," akasema, "hapa hapachomeleki. Chagua jipya."

Nilifundisha historia kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ofisi ya mkuu wa chuo, na mazoea yana tabu: nikitakiwa kuchagua kitu, nauliza kwanza kimetoka wapi. Basi wakati binti yangu akifungua picha za mabomba ya kuagiza kutoka ng'ambo, mimi nilikuwa nimerudi nyuma miaka zaidi ya mia moja.

Magari ya mwanzo yalitisha farasi na kuamsha watoto. Mwaka 1897, huko Indiana, Marekani, Milton Reeves na nduguye Marshall walipata hataza ya chombo cha kupunguza kelele za injini. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha baba na mwana. Baba ni Hiram Maxim, aliyebuni bunduki ya rashasha mwaka 1884, ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu. Silaha za jinsi hiyo ndizo zilizowafyeka watu wetu Mahenge mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji. Maxim mwenyewe uzeeni alikuwa kiziwi, kwa kuishi na milio ya bunduki. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya kizuia sauti cha bunduki mwaka 1909, na kampuni yake ikaja kutengeneza sailensa za injini. Baba alileta kelele, mwana akatafuta namna ya kuinyamazisha.

Hata chuma kisichoshika kutu kina undugu na bunduki. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ambacho hakingeliwa upesi na moto wa risasi. Akachanganya chuma na kromiamu, akapata chuma ambacho tindikali haikukishika kwa urahisi. Leo tunakula kwa vijiko vya ukoo huo, na bomba bora katika picha za binti yangu lilikuwa la chuma hicho.

Sasa gari lenyewe. Wenye umri wangu wanakumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakawa yakifanyika Pasaka katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 yalishindwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, wakiendesha Datsun 1600 SSS. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mwanachuo wa ualimu, sikio limebandikwa redioni. Nilijiapiza kwamba siku moja ningekuwa na gari kama lile. Mwaka 1977 nililinunua, kuukuu, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihama. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1595, yenye kabureta mbili, na ikipanda mlima inaimba.

Turudi kivulini, kwenye kuchagua. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni bomba la chuma cha kawaida, ambalo fundi anaweza kulikunja na kulichomelea hapa hapa. Bei yake nafuu, na sauti yake ndiyo ya asili. Lakini huoza kuanzia ndani. Watu wengi hawajui kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari ikiwa ndefu, bomba hupata moto na maji hayo huondoka kama mvuke. Safari ikiwa ya kwenda sokoni na kurudi, maji hubaki tumboni mwa sailensa, yakichanganyika na tindikali za moshi, yakila chuma taratibu.

Ya pili ni chuma kilichopakwa alumini. Hudumu zaidi, ila kila panapochomelewa rangi ile ya alumini huungua, na kutu huanzia hapo. Ya tatu ni ile ya Brearley. Nayo ina madaraja: chuma namba 304 hustahimili kutu kuliko namba 409, ingawa vyote viwili huuzwa kwa jina moja la sifa. Ni ghali, na mlio wake ni mkali kidogo, lakini atakayelifunga leo huenda asilifungue tena maishani.

Binti yangu alivutiwa na bomba pana, la inchi mbili na nusu, lenye sailensa moja nyembamba. "Baba, si linaipa injini nguvu?" Fundi akacheka kwa adabu. Moshi una mwendo wake. Katika bomba lenye kipimo sawa, moshi wa silinda moja ukikimbia huvuta nyuma yake moshi wa silinda inayofuata. Ukipanua bomba kupita kiasi, moshi hupoa na kulegea, na gari hupoteza nguvu hasa pale unapoihitaji, mwendo mdogo mlimani. Kwa injini ya cc 1600, alisema, inchi mbili zinatosha. Kinachobaki ni kelele, na debe tupu haliachi kuvuma.

Hapo nilinyamaza, kwa maana nilikuwa nimefika mahali ambapo historia ya ulimwengu inaishia na yangu inaanza.

Mwaka 1980 vipuri vilikuwa adimu kama mvua ya Septemba. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, mafuta yamepanda bei duniani, na fedha za kigeni nchini zilikuwa hazionekani. Sailensa yangu ilipotoboka, nilimpelekea fundi mmoja. Akaiondoa, akaweka bomba fupi lililoishia chini ya sakafu, karibu na kiti cha nyuma. Gari lilinguruma kama lile la Herrmann. Wanachuo walitoka madarasani kulitazama likipita, nami nilipunga mkono.

Julai mwaka huo tulitoka Mafinga kwenda Iringa, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu aliyelala kiti cha nyuma. Baridi ya Mufindi mnaijua, hivyo vioo vyote tulivifunga. Njiani mke wangu alilalamika kichwa kinamgonga, kisha akaomba nisimame atapike. Alipofungua mlango wa nyuma amfunike mtoto, mtoto hakuamka. Alimtikisa, akamwita kwa jina, akampiga makofi miguuni. Mwili ulikuwa laini kama nguo.

Tulimweka kwenye nyasi, upepo ukimpiga. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Hatimaye alilia, na tangu siku hiyo sijasikia sauti nzuri kuliko ile. Kwenye kituo cha afya, mganga alituuliza swali moja tu: "Gari lenu linatolea moshi wapi?"

Nilikuja kusoma baadaye. Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hivyo mtu hufa njaa ya hewa huku akipumua. Gari linapokwenda, hewa ya chini na ya nyuma yake huzunguka na kurudi, ikipenya kwenye matundu ya sakafu na buti. Ndiyo maana waundaji huvuta bomba mpaka nje ya bampa la nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa miaka yote nyumbani kwetu kisa hiki kilisimuliwa hivi: fundi mmoja mzembe alikata bomba, karibu atuulie mtoto. Mimi ndiye niliyekisimulia hivyo. Marehemu mke wangu alinisikiliza kila mara, akaendelea kupepeta mchele.

Siku ile kivulini nilimwambia binti yangu, ambaye ndiye mtoto yule, jambo ambalo sikuwahi kulisema. Yule fundi alikuwa amepata kipande cha bomba kirefu kutoka lori bovu, akataka kukifikisha nyuma. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia akate hapo hapo, kwa sababu mlio ulikuwa mtamu.

Hakusema kitu kwa muda. Fundi naye aliinama akajifanya anatafuta spana. Kisha binti yangu akasema, "Kumbe ndiyo maana Mama hakupenda kupanda gari hili." Nikasema ndiyo. Akafunga zile picha. Akamwambia fundi, "Inchi mbili, namba 304, sailensa mbili, na lifike nje ya bampa. Na gasketi zote mpya."

Bomba la moshi, msomaji, lina kazi tatu: kuondoa sumu, kupunguza kelele, na kusaidia nguvu ya injini. Kwa mpangilio huo. Vijana wanaoniuliza wachague lipi nawaambia waanze na la kwanza. Nilianza na la mwisho, tena si nguvu bali mlio wake tu, na nikampa mtu mwingine lawama kwa zaidi ya miaka arobaini.

Jumamosi iliyopita tulilitoa bandani. Linanguruma kwa sauti ya chini, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Binti yangu aliendesha. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, vioo vyote nikavishusha.