Njia tegemezi

Njia ya faili inayoanza kwa mkwaju, kama /etc/httpd, inajitosheleza: huhesabiwa kutoka mzizi wa mfumo. Isiyoanza hivyo naiita njia tegemezi. Tulishasoma kishazi tegemezi darasani, kile kisichotoa maana kamili peke yake, na neno hilo linamlazimu msomaji aulize: inategemea nini?

Wengi hudhani inategemea mahali lilipo faili ambamo njia hiyo imeandikwa. Kwenye seva ya Apache sivyo. Ukiandika Include conf/tovuti.conf, hesabu huanzia saraka iliyotajwa na ServerRoot, hata kama mstari wenyewe umo katika faili lililo saraka nyingine kabisa. ErrorLog vivyo hivyo.

Nginx inahitaji uangalifu zaidi. Humo include na ssl_certificate hufuata saraka yenye nginx.conf, ilhali root na access_log hufuata saraka kuu ya usakinishaji. Faili moja, vianzio viwili! Kabla ya toleo 0.6.7 hata hizo mbili za kwanza zilihesabiwa kutoka saraka hiyo kuu. Kwa vyeti vya usalama mimi huandika njia kamili, mkwaju mbele, ingawa ni ndefu.