Hofu ya Kung'oa Jino: Dawa Ilitangulia, Mlinzi Akachelewa

Dawa ya usingizi inadaiwa sana na kiti cha kung'olea meno. Usiku wa Desemba 10, 1844, mjini Hartford, Marekani, Gardner Colton alikuwa akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio. Kijana mmoja, Samuel Cooley, alijigonga mguu hadi ukaumia, akarudi kuketi bila habari ya maumivu. Horace Wells, mng'oa meno aliyekuwa ukumbini, aliona jambo ambalo wengine walilicheka. Kesho yake akaivuta gesi ile mwenyewe na mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari. Mfuko wa gesi ukaondolewa mapema, mgonjwa akapiga ukelele, na Wells akazomewa. Gesi ilikuwa ileile. Kilichopungua ni ujuzi wa kupima ni kiasi gani kinamtosha mgonjwa na kwa muda gani. William Morton, naye mtu wa meno, alipofanikiwa kwa etha Oktoba 16, 1846, dunia ilishangilia dawa, na swali la nani amwangalie aliyepewa dawa hiyo likawekwa kando. Historia yote iliyofuata inaonyesha kuwa swali hilo ndilo lilikuwa kubwa zaidi, na leo lina uzito wa pekee kwa mahali kama Kiambi, katika jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Baada ya etha, njia mbili zilitengana. Ya kwanza ni ganzi: kokaini mwaka 1884, prokaini mwaka 1905, kisha lidokaini iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na ambayo mpaka leo ndiyo tegemeo la wang'oa meno duniani. Ganzi huua maumivu mahali pamoja na kumwacha mtu macho, akijipumulia mwenyewe. Njia ya pili ni kumtuliza au kumlaza kabisa, na hapo ndipo gharama ilipolipwa kwa roho za watu. Kinywa ni mlango wa pumzi, na mng'oa meno anafanya kazi mlangoni hapo hapo, penye mate, damu na vipande vya jino. Uingereza, kwa miaka mingi, ilikuwa kawaida kumpa mgonjwa nusukaputi katika kliniki ya mtaani, mara nyingine mtu mmoja akiwa ndiye mlaza na ndiye mng'oaji. Wagonjwa wenye afya, wakiwamo watoto, walikufa kwa ajili ya jino. Kuanzia mwisho wa mwaka 2001 nusukaputi ya meno ilibaki kuwa kazi ya hospitali tu. Kliniki ziliachiwa utulizaji wa wastani, kwa gesi au kwa dawa kama midazolamu, ambapo mgonjwa hulegea lakini akiitwa anaitika, na mtu wa pili aliyefunzwa hamwondolei macho.

Kiambi iko ukingoni mwa Mto Luvua, unaotoka Ziwa Mweru kwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro. Ni makao ya moja ya zone za afya 11 za jimbo. Mahali kama hapa gesi ya kuchekesha haina njia: inataka mitungi mizito inayojazwa mbali, oksijeni ya uhakika na mashine ya kuchanganya. Ketamini ina njia. Iliundwa Marekani mwaka 1962, ni kichupa kidogo, haihitaji mashine, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua. Ndiyo maana hospitali nyingi za vijijini Afrika ya mashariki na ya kati hufanya upasuaji kwa ketamini. China ilipotaka mwaka 2015 iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipinga, kwa kuwa maskini wangekosa dawa ya kupasuliwa.

Mtu atauliza: basi kwa nini mwenye hofu ya jino asipewe ketamini hiyohiyo? Jibu liko kinywani. Ketamini huongeza mate, na mate yakiteremka kooni yanaweza kulifanya koo lijifunge ghafla. Wengine huamka wakiweweseka, na jino likawa mwanzo wa hofu mpya. Kwenye upasuaji wa tumbo hatari hiyo ina mtu wake, aliyesimama kichwani pa mgonjwa. Kwenye jino, muuguzi mara nyingi yuko peke yake na koleo lake. Hata vidonge vya diazepamu, vinavyoonekana vya kawaida, humtaka mtu wa kuhesabu pumzi. Kifaa cha kumsaidia ni kipimio cha kubana kidoleni, ambacho kanuni yake ilibuniwa na Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970: kinasoma oksijeni ya damu kwa mwanga, na namba ikishuka chini ya 90 kazi husimama. Shirika la Lifebox limekuwa likivisambaza katika nchi maskini tangu 2011. Pasipo kipimio na pasipo mtu wa pili, ketamini ibaki kabatini.

Je, mwoga aachwe avumilie? Hapana, na hapa jibu zuri limetoka jirani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno yaliyooza bila mashine ya kutoboa. Uozo laini hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji inayoshika jino na kutoa floraidi. Hakuna umeme, hakuna mlio, na mara nyingi hakuna sindano. WHO iliipigia debe mbinu hiyo mwaka 1994, na tafiti za Afrika Kusini zilionyesha kuwa waliotibiwa hivyo walikuwa na hofu ndogo kuliko waliotobolewa kwa mashine. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingia kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Mbinu hii haifai jino lililokwisha kufika kwenye neva wala lenye jipu, na hapo ganzi na koleo havikwepeki. Lakini jino linalozibwa mapema halifiki huko.

Pingamizi la mwisho ni kwamba hofu ni anasa pale ambapo surua na malaria vinaua watoto. Hofu, hata hivyo, ndiyo inayomfanya mtu akae na jino bovu mpaka usaha ushuke chini ya ulimi na shingoni, hali ambayo Wilhelm von Ludwig aliieleza mwaka 1836 na ambayo huziba pumzi na kuua. Mgonjwa huyo huja usiku, akihitaji nusukaputi ya hatari kuliko zote. Kwa hiyo mpango wa busara kwa zone ya afya ya mbali unafuata mpangilio: kwanza lidokaini isiyokatika na mkono uliofunzwa kusubiri ikolee, pili vifaa vya mkono na saruji katika vituo vya afya, tatu kipimio cha kidoleni na muuguzi wa pili, na ndipo dawa za kutuliza. Nchi tajiri zilianza na dawa, zikazika watu, kisha zikaweka mlinzi. Kiambi haina sababu ya kupita njia hiyo.