Kiamuzi cha Injini

Imenifikia orodha ya istilahi za ufundi wa magari, ile iliyozungushwa "kwa ajili ya maoni ya wadau", na humo kompyuta ya injini imebatizwa Kitengo cha Udhibiti wa Injini. Ukilisikia jina hilo bila kujua linakotoka utadhani ni ofisi: ina mkuu wa kitengo, ina katibu muhtasi, ina mhuri, na kila robo mwaka inapeleka taarifa wizarani. Boksi la alumini lililojificha nyuma ya dashibodi, lenye soketi mbili tatu za waya na kibandiko cha namba, halimo kabisa.

Ilivyotokea si siri. Mtu alikuwa na kifupisho cha herufi tatu za Kiingereza, akafunua kamusi mara tatu, akapanga majibu kama yalivyokuja. Neno lililozaa "kitengo" lina maana kadhaa huko kwao, na mojawapo ni kipande cha mtambo kinachofanya kazi yake chenyewe. Sisi tukachukua ile ya utumishi wa umma. Kitengo kimetokana na kutenga, na kwa miaka mingi sasa kinatenga watu, mafungu na vyeo. Sijasikia fundi aliyefungua kitengo kwa bisibisi.

"Udhibiti" ni kosa lenye heshima zaidi, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu. Mzizi wake wa Kiarabu ni kushika kitu barabara kisiponyoke. Humo tumepata dhibiti, tumepata dhabiti (wengi huichanganya na thabiti, ambayo ni ya mzizi mwingine), tumepata madhubuti. Na Waarabu wenyewe wamepata jina la ofisa wa jeshi. Udhibiti, basi, ni kubana, ndiyo maana umekaa vizuri kwenye majina ya mamlaka za nishati na za usafiri wa ardhini. Na barabarani kidhibiti tunacho tayari: kidhibiti mwendo, kile kilicholazimishwa kwenye matatu za Kenya kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kubana mwaka 2004, kilometa 80 kwa saa na basi. Jina lile ni sahihi, sina ugomvi nalo. Kompyuta ya injini, lakini, kazi yake si kubana.

Inasikiliza sensa ya kranki, sensa ya joto la maji, sensa ya hewa inayoingia, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, halafu inasema: nozeli ifunguke milisekunde ngapi, plagi itoe cheche wakati gani. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inadai cheche 200 kila sekunde, na wakati wa kila moja lazima uamuliwe. Bosch walipoingiza upulizaji wa mafuta wa kielektroniki kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, boksi lao liliamua mafuta peke yake. Mwaka 1979, katika BMW 732i, mfumo wao wa Motronic ukaweka mafuta na cheche chini ya mwamuzi mmoja. Nimeandika "mwamuzi" bila kulazimisha, na hata aliyeandaa orodha ile, angeulizwa kifaa hiki kinafanya nini, angejibu kwamba kinaamua.

Kiamuzi, basi. Nililipendekeza neno hili kikaoni zamani, likaingia kwenye muhtasari chini ya "Mengineyo", na huko limelala hadi leo.

Wanaodai kwamba amua ni neno jepesi mno kwa ufundi hawajatazama lilikotoka. Waganda wanasema okulamula, na hakimu wao ni omulamuzi. Wachewa wana lamula, kuamuru, na lamulo ni sheria. Wazulu nao wana lamula, na kwao ni kuingia kati ya wanaopigana. Kiswahili kimeila ile l, kama kilivyoila kwenye mvula ikabaki mvua, kwenye njala ikabaki njaa, na mwanzoni mwa lota ikabaki ota. Lamula ikapoteza l zote mbili, tukabaki na amua, lakini maana zote mbili zimesalia: mzee anaamua kesi, na jirani anaamua ugomvi wa watoto uwanjani kwa kuwatenganisha. Neno lililotoka Kampala hadi Durban likiwa na mahakama mgongoni haliwezi kushindwa na boksi la alumini. Ki- ya mwanzo haihitaji utetezi. Ndiyo inayotupa kifaa kutokana na kitenzi tangu kabla ya kamati yoyote kuzaliwa.

Yupo mwenzangu mmoja, simtaji kwa sababu atafurahi, anayepigania "ubongo wa gari". Ni jina la kupendeza redioni. Ila gari la leo lina kompyuta ya gia, ya breki, ya mifuko ya hewa. Tutasema lina bongo ngapi? Na kuna hasara ya pesa. Mteja akiambiwa ubongo umekufa atabishana na nani? Anatoa hela. Akiambiwa kiamuzi kinaamua vibaya, atauliza kimeletewa ushahidi gani, na hilo ndilo swali la kwanza la fundi yeyote anayejua kazi.

Kwa sababu boksi lenyewe haliharibiki mara nyingi kama linavyosingiziwa. Taa ya cheki injini imewaka, gari linazima likipata moto: fundi makini anaanza na betri, anafuata waya wa hasi unaoshika bodi, fyuzi, rilei kuu. Kisha anapima ile volti 5 ambayo kiamuzi huwagawia sensa. Ikiwa imeshuka hadi karibu na sifuri, anachomoa sensa moja moja huku macho yako kwenye mita. Volti ikirudi ghafla, sensa aliyoichomoa ndiyo iliyokuwa inaizamisha, na boksi halina hatia. Hata kodi P0606, inayotaja hitilafu ya prosesa ndani ya boksi, haimtoshi mpaka umeme wa kuliendesha boksi uwe umehakikishwa.

Kweli, kuna siku kiamuzi chenyewe ndicho kibovu. Agosti 2010 Toyota iliwaita wenye Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008 huko Marekani na Kanada, zaidi ya magari milioni 1, kwa kuwa lehemu ndani ya boksi ingeweza kupasuka na injini kuzima njiani. Na magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 yana ugonjwa wao: kapasita zinavuja. Ukifungua kifuniko unapokewa na shombo la samaki, na chini ya kapasita njia za shaba zimeota ukijani.

Hapo unatafutwa mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Grogan, na namba ya kibandiko lazima ilingane (kwa Toyota huanza na 89661), maana maboksi mawili yenye soketi sawa yanaweza kuwa ya injini tofauti. Kama ufunguo una chipu, kiamuzi kigeni hakitautambua. Toyota nyingi za zamani kidogo hukubali baada ya kuunganishwa pini ya 4 na ya 13 za soketi ya kupimia kwa dakika 30, na zisipokubali, fundi huhamisha kumbukumbu ya chipu ndogo yenye miguu 8 kutoka boksi la zamani kwenda jipya.

Matumizi: kiamuzi cha injini, wingi viamuzi, kiamuzi cha gia, kiamuzi cha breki. Mafundi wenye "kontrolboksi" lao waachwe nalo, linaeleweka, na halijamdanganya mtu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimefungua ukurasa unaofuata wa orodha ile na kukuta kompyuta ya gia inaitwa Kitengo cha Udhibiti wa Usambazaji. Nini kinasambazwa, magazeti? Maoni yangu kuhusu ukurasa huo yanafuata toleo lijalo.