Ngoma Kubwa na Kanyagio Lake

Ngoma twaijua sote tangu utotoni. Lakini ngoma kubwa ipigwayo kwa mguu ina historia yake, nayo yafaa ijulikane, hasa kwetu huku Tunduma mpakani.

Ngoma ya beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, watu walipoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikaieneza bara, kwa kuwa askari na wapagazi waliicheza makambini. Mwanzo wa Novemba 1918 jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilivuka mpaka upande huu wetu, likashambulia Fife. Tarehe 25 mwezi uo huo likaweka silaha chini huko Abercorn, paitwapo leo Mbala. Vita ikaisha, beni haikuisha. Askari waliorudi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland waliichukua, na huko Nyasaland ikazaa malipenga, ambamo vibuyu hushika kazi ya tarumbeta.

Katika bendi ya kijeshi ngoma kubwa huchukuliwa kifuani na mtu mmoja, na ile ndogo hupigwa na mwingine. Mwaka 1909, mjini Chicago, Marekani, mpiga ngoma William F. Ludwig na nduguye Theobald walianza kuuza kanyagio jepesi, liendalo upesi kuliko yale ya kwanza. Kwa chombo cha namna hiyo mtu aliyeketi huzipiga zote mbili peke yake, nacho kikawafaa sana wenye bendi za dansi. Kwetu, Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932.

Kanyagio halina siri. Mguu hukanyaga ubao, ubao huvuta ukanda wa ngozi, ukanda huzungusha mhimili, na mhimili hukipeleka kirungu kwenye ngoma. Kisha springi hukirudisha. Basi likizeeka, tazama manne: kutu mhimilini, ukanda uliokakamaa, springi iliyolegea, na kirungu kilicholika.

Lifungue taratibu, uvipange vipande juu ya kitambaa kwa jinsi ulivyovitoa. Vyuma visuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, vikaushwe, kisha mhimili utiwe tone la mafuta mepesi. Ukanda mpya uwe na urefu wa ule wa zamani, maana ndio upimao mwinuko wa ubao. Springi ikazwe kidogo kidogo, huku ukijaribu kwa mguu. Wala usipige tupa ovyo. Chuma kikisha kuondolewa hakirudi.

Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha chuma chao wenyewe zamani, kabla ya majembe ya dukani. Waliojua taabu ya kukipata chuma hawakukitupa upesi. Leo bendi ya kijiji yaweza kunyamaza mwaka mzima kwa sababu ya kipande cha ngozi tu, na kanyagio zuri likauzwa kama chuma chakavu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.